Fyekeo la Mei na kiberiti cha Septemba

Kuanzia Agosti, mkazi wa Songea hahitaji kuambiwa kwamba msimu wa moto umefika. Milima ya Matogoro inaonekana kwa shida kwa sababu ya moshi, majivu ya nyasi yanadondoka juu ya nguo zilizoanikwa, na usiku mistari myekundu inaonekana ikipanda vilima. Huku kusini tunauita moto kichaa. Kila mwaka viongozi wanaonya, kila mwaka moto unarudi, na kila mwaka ushauri anaopewa mwenye nyumba ni uleule: fyeka kuzunguka nyumba yako.

Ushauri huo ni sahihi, ila ni nusu ya ushauri. Haumwambii mtu afyeke nini, lini, na hadi umbali gani. Baya zaidi, haumwambii majani aliyoyafyeka ayapeleke wapi. Mwenye nyumba akijiuliza swali hilo mwezi wa Septemba, jibu analolijua ni kiberiti. Analundika, anawasha, upepo unabadilika, na kazi iliyokusudiwa kuzuia moto inakuwa ndiyo chanzo chake. Naamini kufyeka kunaokoa nyumba kwa masharti mawili: kufanyike mapema, nyasi zikiwa bado mbichi, na masalia yake yasichomwe. Anayefyeka Septemba na kuchoma siku ileile amejiongezea hatari mwenyewe, na amewaongezea majirani.

Tuanze na majira, kwa kuwa ndiyo yanayoendesha mambo yote. Ruvuma ina msimu mmoja tu wa mvua. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kuishia Aprili, na katika miezi hiyo michache sehemu kubwa ya mkoa hupata takriban milimita 1,000 za mvua au zaidi. Nyasi zinapanda mpaka kumfunika mtu mzima, vichaka vinaziba njia za miguu. Kisha mvua inakatika kabisa. Mei majani bado ni mabichi. Juni na Julai kuna baridi na umande unaochelewa kukauka, hivyo hata moto ukiwashwa unasuasua. Kufikia Septemba nyasi zimekauka hadi kwenye shina, miyombo imepukutisha majani, joto limepanda na kusi inavuma. Moto uleule uliokuwa ukisuasua Juni sasa unamshinda mtu mbio.

Tofauti hiyo ilipimwa kwa subira kubwa nchini Zambia. Karibu na Ndola, katika msitu wa miyombo wa jamii moja na yetu, maofisa wa misitu walitenga vipande vya majaribio mwaka 1933. Vingine vilichomwa mapema kila mwaka, vingine mwishoni mwa kiangazi, na vingine vililindwa visiguswe kabisa na moto. Mtafiti Colin Trapnell alipochapisha matokeo mwaka 1959, pale palipochomwa mwishoni mwa kiangazi miti mikubwa ilikuwa imekufa na nyasi zimetawala. Palipochomwa mapema palibaki msitu. Utafiti ule ulihusu miti, lakini unamhusu mwenye nyumba pia: kiasi kilekile cha nyasi kina nguvu mbili tofauti kabisa, kulingana na mwezi. Anayengoja Oktoba anapambana na adui ambaye angeweza kumdhibiti Mei kwa asubuhi moja na fyekeo.

Swali linalofuata ni nini hasa kinachoungua karibu na nyumba zetu. Mwongozo ulioandikwa California au Australia huzungumzia vichaka vya mapambo na miti ya bustani. Songea navyo vipo, na nitavirudia, lakini kinacholeta moto hadi mlangoni zaidi ya kitu kingine ni mabua ya mahindi. Huu ni mkoa unaolisha nchi. Mahindi yanalimwa hadi pembeni mwa baraza, hata ndani ya manispaa, na yakishavunwa kati ya Juni na Agosti mabua yanabaki yamesimama, nyasi kavu zikiwa zimejaa katikati ya mistari, mpaka mwenye shamba atakapoanza kuandaa msimu mpya. Kwa miezi mitatu nyumba inakaa ndani ya shamba la vitu vikavu vinavyofikia kimo cha dirisha. Nyuma ya mabua kuna alizeti pori, iliyoota kwenye mipaka na kando ya barabara bila kupandwa na mtu, ikiwa imekauka na kuwa vijiti. Moto ukitoka bondeni haukosi njia.

Wengi wanajipa moyo kwamba nyumba ni ya tofali za kuchoma na bati, vitu visivyoungua. Hebu tuiangalie nyumba hiyo kwa karibu. Kati ya ukuta na bati kuna upenyo ambao fundi hakuuziba, na ndani yake kuna kenchi za mbao zilizokauka kwa miaka kumi. Chini ya paa, nje, zimepangwa kuni za kupikia zikiegemea ukuta ili zisilowe mvua inayokuja. Hatua tatu kutoka hapo kuna jiko la nje lililoezekwa kwa nyasi, na karibu yake banda la kuku la mabanzi. Magunia ya magunzi yapo barazani. Dirisha la chumba cha nyuma halina kioo, lina pazia. Tofali haliwezi kuwaka, kweli, lakini limezungukwa na vinavyowaka, na cheche moja iliyopeperushwa na upepo inahitaji kimojawapo tu.

Jambo hili la cheche ndilo limebadilisha kabisa namna wataalamu wanavyofikiri kuhusu nyumba na moto wa porini. Jack Cohen, mtafiti wa idara ya misitu ya serikali ya Marekani, alishiriki katika majaribio yaliyofanyika kaskazini mwa Kanada mwishoni mwa miaka ya 1990. Kuta za mbao zilisimamishwa kwa umbali tofauti kutoka kwenye msitu wa misindano, kisha msitu ukachomwa. Kuta zilizokuwa mita 10 kutoka kwenye miti ziliwaka katika baadhi ya majaribio. Zilizokuwa mita 20 hazikuwaka, na za mita 30 hali kadhalika. Hata ukuta mkubwa wa ndimi za moto hauwezi kuwasha mbao ukiwa mbali kiasi hicho. Kinachoteketeza nyumba, Cohen alieleza, ni cheche zinazotua juu yake au karibu yake, na moto mdogo unaotambaa chini mpaka ukagusa ukuta. Kwa maneno mengine, hatima ya nyumba huamuliwa na nyumba yenyewe pamoja na mita chache zinazoizunguka, kuliko na ukubwa wa moto unaotoka Matogoro.

California imelifanya hilo kuwa sheria: mwenye nyumba katika maeneo ya hatari anatakiwa kupunguza uoto hadi mita 30 kutoka kwenye nyumba yake, na mwaka 2020 bunge la jimbo lilipitisha sheria inayoelekeza kuanzishwa kwa eneo la ndani kabisa, mita moja na nusu kutoka ukutani, lisiloruhusu kitu cha kuwaka. Mita 30 kwa kiwanja cha Songea ni ndoto. Ukizihesabu utaishia sebuleni kwa jirani wa tatu. Mita moja na nusu, hata hivyo, kila mtu anazo. Mimi naiona hiyo kuwa ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya fyekeo: kuni zihamishwe kutoka ukutani, magunia ya magunzi yaondolewe, upenyo wa chini ya bati uzibwe kwa udongo au wavu laini wa chuma, na ardhi inayogusa msingi wa nyumba iwe tupu.

Ardhi tupu inayogusa nyumba si jambo geni kwetu. Bibi zetu walifagia uwanja kila alfajiri mpaka ukang'aa, na mgeni aliyeukuta na majani aliona aibu kwa niaba ya wenyeji. Walifagia kwa ajili ya usafi, nyoka na heshima, na pasipo kutaja neno moto walikuwa wamezizungushia nyumba zao za nyasi kinga ambayo California inaitungia sheria leo. Tumeiacha taratibu. Nyumba ya kisasa inataka maua chini ya dirisha, mchaichai karibu na mlango wa jikoni, na ua wa miti ya krismasi ulioshikana na ukuta. Sisemi tuyang'oe maua yote. Nasema yasogezwe hatua mbili tatu kutoka ukutani, kwa sababu kichaka kilicho chini ya dirisha kikishika moto kioo kinapasuka, na kioo kikipasuka moto umeingia ndani.

Hapa ndipo vichaka vinapohitaji kuzungumziwa kwa undani, maana kukatia kichaka na kukipunguzia hatari ni kazi mbili tofauti. Ua unaokatwa kwa mkasi kila mwezi unapendeza kwa nje: kijani, umenyooka. Upanue kwa mikono utazame ndani. Utakuta vijiti vikavu na majani yaliyokufa kwa kukosa mwanga, yameshonana kuanzia chini hadi juu. Kila unapoukata kwa juu tu, unaukaza, na ganda la kijani linazidi kuficha vitu vikavu. Michongoma hufanya hivyo, bogonvilia hufanya hivyo zaidi, na miti ya krismasi, yenye utomvu unaowaka vizuri, ndiyo mibaya kuliko yote. Ua kama huo unaoanzia barabarani na kuishia kwenye kona ya nyumba unaweza kuuleta moto moja kwa moja hadi kwenye kona hiyo. Dawa ni kupogoa kwa kuingiza mkono ndani: ondoa matawi yaliyokufa, acha hewa ipite, zoa majani yaliyorundikana chini, na ukate ua kabla haujafika nyumbani ili pabaki nafasi wazi. Miti nayo ipogolewe matawi ya chini, kufikia kimo cha mtu, ili moto wa nyasi usipate pa kupandia. Tawi linalolala juu ya bati liondoke.

Milingoti inahitaji tahadhari yake. Upandaji wa miti ya biashara umeenea kutoka Njombe hadi Madaba na kushuka huku kwetu, na wapo waliopanda mlingoti hadi nyuma ya jiko kwa sababu kiwanja ndicho shamba walilo nalo. Majani yake yana mafuta, magome yake yanabanduka na kuning'inia kama vitambaa, na upepo mkali unayabeba yakiwa yanawaka. Mti huo ni mali, sibishi, ila mali hiyo ikae mbali na paa. Kinyume chake migomba, mipapai na mboga zinazomwagiliwa ni majirani wema, mradi majani makavu ya mgomba yakatwe yasiachwe yakining'inia.

Mwelekeo nao una maana. Moto hupanda mlima kwa kasi kuliko unavyoshuka, kwa kuwa ndimi zake zinazikausha nyasi zilizo juu kabla ya kuzifikia. Kwenye mwinuko wa nyuzi 10 kasi yake huwa karibu mara mbili ya ile ya tambarare. Nyumba nyingi za Songea na za Mbinga zimejengwa kwenye miteremko. Kwa hiyo asiye na nguvu ya kufyeka pande zote aanze upande wa bondeni, kisha upande wa kusini-mashariki unakotoka kusi. Mita 10 za nyasi fupi upande huo zina faida kuliko mita tano za kujionyesha mbele ya nyumba, upande wanakopita wageni.

Nimefika kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mtu anaweza kufanya yote hayo na bado akaungua, kwa sababu ya kiwanja cha jirani asiyekuwepo. Kwenye mitaa inayokua pembezoni mwa manispaa kuna viwanja vingi vilivyopimwa, vikauzwa, vikawekewa mawe ya mipaka, na mwenyewe akarudi Dar es Salaam au Dodoma. Nyasi zinaota zinavyotaka. Mjane aliyejenga vyumba viwili anafyeka mita zake nane na hapo anakutana na ukuta wa nyasi za mtu asiyemjua. Akizifyeka, ameingia kwenye ardhi isiyo yake na hana wa kumlipa. Akiziacha, analala na wasiwasi hadi Desemba. Ushauri wa "fyeka kuzunguka nyumba yako" unamwachia mzigo aliyepo na kumsamehe asiyekuwepo. Hakuna haki hapo. Halmashauri inajua nani anamiliki kiwanja kipi. Inaweza kutunga sheria ndogo inayomtaka kila mwenye kiwanja kisichoendelezwa akifyeke kabla ya mwisho wa Juni, na asipofanya, vijana wa mtaa wakifyeke kwa malipo na gharama idaiwe pamoja na kodi ya ardhi. Afrika Kusini imelipa jambo hilo uzito wa sheria ya nchi: sheria yao ya moto wa mbuga na misitu ya mwaka 1998 inamlazimu mwenye ardhi yenye hatari ya moto kuandaa mkanda wa kuzuia moto kwenye mpaka wake, na inawapa majirani nafasi ya kuunda vyama vya kujikinga kwa pamoja.

Sisi hatukosi sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ina sehemu nzima inayohusu moto na inabana uchomaji holela. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya mwaka 2007, na namba 114 hupigwa bila malipo. Lakini gari la zimamoto likiwa mjini na nyumba ikiwa Peramiho, kilomita zipatazo 25, paa la nyasi halingoji. Hata mjini, kwenye njia ambayo bajaji inapita kwa shida, gari hilo linaishia barabarani. Tukiri pia kwamba nyumba nyingi zinazoungua mijini huungua kutoka ndani: waya mbovu, mshumaa, jiko la mkaa lililoachwa. Fyekeo halisaidii hapo, na anayefyeka vizuri asidhani amemaliza.

Turudi kwenye yale majani, maana ndilo fundo la mambo yote. Jibu lipo mkoani kwetu, umbali wa saa chache tu kutoka Songea. Wamatengo wa Mbinga wamelima ngoro kwenye milima yao kwa vizazi vingi. Mvua zikielekea ukingoni, nyasi zinafyekwa na kupangwa chini kwa mistari inayokatana, mraba kwa mraba. Udongo wa katikati unachimbwa na kufunika nyasi zile, na shimo linabaki katikati kushika maji. Maharage yanapandwa juu ya kingo, mahindi yanafuata msimu ujao. Nyasi zinaozea ndani na kuwa mbolea, na mteremko haumomonyoki. Kiberiti hakina kazi katika mpango huo. Wataalamu wa kilimo kutoka nje wamekuja kuustaajabia na kuuandikia, wakati sisi tulio jirani tunaendelea kuchoma mabaki na kununua mbolea ya dukani.

Sidai kila mwenye kiwanja mjini achimbe ngoro. Nasema kanuni yake inabebeka: nyasi zilizofyekwa Mei, zikiwa mbichi, zikitandazwa chini ya migomba, kahawa au miembe iliyo mbali na nyumba, au zikifukiwa kwenye shimo la mboji, zitaanza kuoza kabla kiangazi hakijakolea. Zilezile zikifyekwa Septemba hazitaoza, zitakaa kama petroli mpaka mvua ije. Mabua yana soko lake: mwenye ng'ombe anayataka, na yakikatwakatwa na kulazwa ardhini shambani, mbali na nyumba, yanalinda udongo. Yasisubiri, yaondolewe upande wa nyumba mara tu mahindi yanapovunwa.

Wapo watakaosema Mei watu wana kazi. Nimelifikiria hilo. Maharage yanakaribia kuvunwa, ni kweli, lakini palizi imeshakwisha na mahindi bado yanakauka shambani. Kwa mkulima wa Ruvuma ni kipindi chenye nafasi kuliko Julai. Wapo pia watakaoogopa mmomonyoko, na hao wana hoja nzito. Mvua za Januari hapa zinachimba makorongo ndani ya usiku mmoja. Ndiyo sababu nasema fyeka, usilime: nyasi zibaki na mizizi yake na kimo cha vidole vichache juu ya ardhi. California nao wanataka nyasi zisizozidi sentimita 10, hawadai ardhi ya vumbi. Ni zile mita moja na nusu za ukutani tu zinazostahili kuwa tupu kabisa.

Kisiwa cha Maui huko Hawaii kilitupa somo ambalo Mwafrika analielewa upesi. Agosti 2023 mji wa Lahaina uliteketea na watu zaidi ya 100 wakafariki. Mashamba ya miwa yaliyokuwa juu ya mji yalikuwa yameachwa, na yakavamiwa na nyasi ndefu ambazo asili yake ni Afrika, zilizopelekwa kule kwa ajili ya malisho. Ardhi isiyo na mwangalizi, nyasi zilizokauka, upepo mkali, nyumba zilizoshikana. Nyasi zile ni ndugu wa hizi zinazoota kwenye viwanja vyetu visivyojengwa.

Nchi yetu tayari imezoea Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuwa siku ya usafi. Kwa bahati mbaya, moshi wa taka zinazochomwa ndio hutangaza kwamba siku hiyo imefika. Nawaomba wenyeviti wa mitaa na watendaji wa kata wa Songea waifanye Jumamosi ya mwisho ya Mei kuwa siku ya mafyekeo bila kiberiti: nyumba kwa nyumba, wazee na wajane wakisaidiwa kwanza, viwanja visivyo na watu vikiandikwa majina ya wamiliki, majani yote yakienda shimoni au chini ya migomba. Nawe msomaji, usimngoje mwenyekiti. Zunguka nyumba yako leo, anza na zile kuni zilizoegemea ukuta.